Sanduku la Gicheru Lanuka

"Fundi, hii sanduku yako inanuka," Wamae alisema hata kabla ya salamu. "Inanuka kama kitu imekufa."

Gicheru alikuwa amekanyaga mavi ya ng'ombe langoni. Alisonya, akafuta kiatu kwenye nyasi. Tangu asubuhi kila kitu kilikuwa kinamtia kinyaa: mvua ya El Nino iliyogeuza Endarasha yote uji, baridi ya kukatakata masikio, na sasa hili. Kazi ya mikono yake, ati inanuka.

Sanduku hilo lilikuwa linasukuma umeme kwenye fensi ya shamba la viazi la Wamae, ndovu wa msituni wasiingie. Lilifanya kazi usiku na mchana kwa betri ya lori iliyochajiwa na jua, na jua mwaka ule lilikuwa la kuazima. Gicheru alilitengeneza mwenyewe Mweiga, likawa na ila moja tu: betri ilikuwa inazimika kabla ya mapambazuko. Ndovu si wajinga. Walijifunza kusubiri.

Mwizi wa betri Gicheru alimjua. Ndani ya sanduku kulikuwa na rezista moja nene. Umeme wote ulipitia hapo ili upimwe, usije ukazidi na kuunguza transista, swichi inayousukuma nje. Rezista ilipima, ndiyo, lakini kwa kupima huko ilikula umeme na kuutema kama joto. Sanduku zima lilikuwa moto wa kupasha mikono. Watu walipolisifu kwa hilo, Gicheru aliona kichefuchefu. Joto kwake lilikuwa uchafu, kama nzi ndani ya chai.

Majuma mawili yaliyopita alikuja na dawa. Aliing'oa rezista, akapanga umeme upimwe kwenye transista yenyewe, kwa kuwa ilikuwa njiani tayari na haikuhitaji kulishwa mara ya pili. Alipomaliza aliweka mgongo wa kidole kwenye kifuniko. Baridi. Alitabasamu peke yake.

Shosho Wakonyo, mamake Wamae, alikuwa akimtazama. Sanduku liliwekwa kwenye rafu chumbani mwake, karibu na kitanda, na tangu Gicheru alipolizima ili alifungue, mama huyo alikuwa amepakata kiondo chake kifuani kama mtoto mchanga. Mwezi huo kila aliyeingia alisimuliwa jinsi nguchiro alivyomla kuku wake mweusi aliyekuwa akiatamia. Gicheru alisimuliwa pia, yakaingia sikio hili yakatokea lile.

"Na hiyo joto yake imeenda wapi?" Shosho aliuliza.

"Imeisha, Shosho. Hutaiona tena. Hiyo ilikuwa hasara tupu."

"Kwako," alisema Shosho.

Gicheru alicheka. Wazee na umeme, wapi na wapi.

Fensi haikuzimika tena hata usiku mmoja, na viazi vilisimama. Ndiyo maana Gicheru alikuwa ameacha kibarua chake cha kutengeneza redio Nyeri mjini: majirani wa Wamae wote walitaka masanduku kama hilo. Walichongoja ni neno la Wamae tu.

"Wamekuja kuiona jana," Wamae alimwambia sasa, wakielekea chumbani. "Wakashika mapua, wakatoka. Wakiniuliza nitawaambia ukweli, fundi. Mimi siwezi kumuuzia mtu kitu inaoza."

"Umeme hauozi, mzee."

"Ingia basi unuse."

Harufu ilimpokea mlangoni, nzito. Gicheru alitema mate nje, akafunika pua kwa kola ya shati. Shosho alikuwa ameketi kitandani, akitia ugoro pua hii, kisha ile, macho yakimtoka machozi. Hata mezani kwake hakukuwa na kitu kingine ila kichupa cha ugoro.

Juu ya sanduku kulikuwa na sweta kuukuu, lile lile alilomkataza Shosho kulifunikia siku ile. Gicheru aliliondoa kwa vidole viwili na kulitupa sakafuni.

"Shosho, si nilisema usifunike?"

"Ulisema."

Alifungua kifuniko akanusa kila transista kwa zamu. Harufu ya kifaa kilichoungua aliijua tangu utoto wake wa ufundi, na hii haikuwa hiyo. Hakuna kilichoungua. Hakuna kilichopata hata vuguvugu. Aliliinamia sanduku lake kwa mapenzi, safi, kimya, baridi kama jiwe la mtoni, na kinyaa chake chote kikahamia kwenye chumba kile na watu wake.

Hapo ndipo alipoona kiondo. Kilikuwa kimebanwa nyuma ya sanduku, kati yake na ukuta.

Alikivuta kwa ncha za vidole, huku akipanga maneno ya kumwambia Wamae. Mabaki ya chakula. Uchafu wa mama yako, mzee, si wa sanduku langu. Alitaka Wamae aone kwa macho yake mwenyewe, kwa hiyo alikiweka chini ya dirisha na kukifungua kinywa.

Wamae alirudi nyuma akigeuza uso. Gicheru alifuta vidole kwenye suruali.

Ndani ya vipande vya sufi mlikuwa na mayai, yamekuwa ya kijivu, mengine yanavuja. Moja lilikuwa na tundu dogo, na kwenye tundu mdomo wa kifaranga ulikuwa umechungulia, umekauka.

"Siku ile ulikuja kuondoa hasara," Shosho alisema, akifunga kichupa chake cha ugoro, "walikuwa wameanza kulia huko ndani. Nikawaacha hapo hapo, uje ujinusie mwenyewe."