Ng'ombe Arobaini na Mmoja

Kwa mara ya kumi na saba, Magdalena aliandika maneno yale yale kwenye simu: "Hawa ng'ombe si wangu."

Jibu lilifika kabla hajaiweka simu mezani. "Asante kwa maoni yako! Tunayathamini sana." Mwishoni kulikuwa na kimoyo chekundu.

Magdalena alikuwa mmoja wa wafugaji mia mbili wa Ikungi waliochaguliwa kuijaribu programu ya simu ya Zizi Kiganjani kabla haijatolewa kwa nchi nzima. Kampuni ilikuja kutoka Dar es Salaam na fulana, kofia na soda, ikawaambia: jaribuni, mkiona kasoro semeni, kazi yetu ni kusikiliza. Kusikiliza walisikiliza. Lakini sikio la kufa halisikii dawa.

Kasoro yenyewe hata mchunga ndama angeiona. Programu ilihesabu ng'ombe kwa zizi wanamolala, kisha ikamwandika mwenye zizi kuwa ndiye mwenye mali. Sasa huku kwetu nani asiyejua kuwa ng'ombe anaweza kulala kwa huyu na akawa wa yule? Mtu huweka ng'ombe wake kwa ndugu au rafiki. Mtunzaji anakamua maziwa, anapata samadi na mara moja moja ndama, na jina la mwenyewe halitaji, hata aulizwe na nani. Ndiyo maana ya amana.

Arobaini na mmoja waliokuwa zizini kwa Magdalena walikuwa wa namna hiyo. Mwenye ng'ombe, mtoto wa dada yake, hakutaka watu wa nyumbani kwake wajue kama ana hata ndama mmoja. Namba yake ya simu nayo ilikuwa haipatikani tangu mwaka juzi.

Magdalena alikuwa mjane, na kitu alichobaki nacho cha kujivunia ni jina lake. Mtunzaji anayegeuza amana kuwa mali yake, kwao haishii kuitwa mwizi tu. Hata msibani kwake watu huja wachache. Hilo lilimtia hofu kuliko ukame.

Akapiga simu ofisini kwa kampuni, akaomba aongee na mkurugenzi mwenyewe.

"Mama, wajaribu mko mia mbili," katibu muhtasi alimjibu. "Bosi akianza kumpokea kila mmoja, kazi atafanya saa ngapi? Andika kwenye programu."

"Nimeandika, mwanangu."

"Basi yanafanyiwa kazi."

Yalifanyiwa kweli. Toleo jipya lilikuja na rangi ya buluu badala ya kijani.

Baadaye akaja Janeth, mhandisi wa kampuni, kupiga picha za mifugo. Magdalena alimkalisha chini, akamweleza polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Janeth alisikiliza yote mpaka mwisho.

"Mama, mfumo hauna sehemu ya mtu kukaa na ng'ombe wasio wake," alisema. "Wewe kubali tu. Umekuwa tajiri, unalalamika nini?"

"Na wakishaandikwa, mtaweza kuwafuta?"

"Mkurugenzi akithibitisha, haifutiki tena. Ndiyo usalama wake huo."

Magdalena alitaka kucheka, akajikuta ameudhika mno.

Siku ya uzinduzi ukumbi ulijaa pale Singida mjini. Mkurugenzi Abraham, suti ikimbana tumboni, alimtambulisha mkewe aliyeketi mstari wa mbele. Kisha akatangaza kuwa asilimia tisini na nane ya wajaribu wameridhika; hakusema kwamba kila aliyetuma maoni alihesabiwa kuwa ameridhika. Watu wakapiga makofi.

"Na mfugaji wetu wa mfano," alisema, macho kwenye kamera, "ana ng'ombe arobaini na mmoja. Namthibitishia umiliki sasa hivi, kwa kidole changu, mbele yenu mashahidi."

Akabonyeza. Skrini kubwa ikaandika: IMETHIBITISHWA. Mkewe akapiga vigelegele.

Magdalena akaitwa, akapanda jukwaani taratibu kuchukua cheti chake. Mkurugenzi alipogeuka na kumwona, uso ulimshuka. Akamwinamia kama anayempongeza.

"Mama mdogo," alinong'ona, macho yakiwa kwa mkewe, "nakuomba usiseme ni wangu."