Hakuna Anayeumaliza Mchezo wa Saandia

"Mchezo mbovu. Hatua ya saba haina mlango. Mwanasesere amenifia mara arobaini." Mtu wa Marseille ndiye aliyeandika hayo, akatoa nyota moja. Saandia akasoma, akacheka, akafungua maoni mengine.

Watu wana midomo, jamani! Mchezo kautengeneza peke yake, kawapa bure, na bado wananuna. Mmoja alisema mwanasesere anaruka kama mwenye homa. Mwingine aliisifu ile pia ya mti, jinsi inavyozunguka na kuwaangusha askari wa bati. Bibi mmoja wa Lyon aliandika: "Mjukuu wangu anacheza, mimi nalia. Hizi ni nyumba zetu za Mutsamudu, mlango kwa mlango." Hayo yalimfurahisha Saandia kuliko nyota zote.

Bibi hakukosea. Mutsamudu nyumba ni ya mwanamke, na katika mtaa wa kina Saandia nyumba za ndugu wa kike zimeunganishwa juu kwa juu, mtu aende kwa dada yake bila kukanyaga njia. Wavulana wakibalehe huondolewa wakalale nje, kwa hiyo milango hiyo wanaijua wanawake tu. Saandia aliichukua yote akaitia mchezoni, wanasesere wakikimbizwa humo na askari wa bati. Hatua sita alizichora kama zilivyo. Ya saba, chumba kilichofichwa nyuma ya ghala la mama yake mdogo Loutfia, aliichora bila mlango. Mlango ule alimwapia mama mdogo kwamba hatautaja. Basi wachezaji walitukana, naye akanyamaza.

Na sasa, Februari 2008, chumbani mle walikuwa watu wake wawili. Baba yake, Mwalimu Charif, alikataa kuwaombea dua wakubwa waliokitenga kisiwa chao na visiwa vingine. Kaka yake Housni alimtetea mbele ya watu. Askari walipoanza kuwasaka, mama mdogo aliwafunga vitambaa machoni, baba na mwana, akawaingiza. Askari wamepekua mtaa mara mbili, wakatoka mikono mitupu. Boti zimesimama, simu zinasikilizwa. Saandia, huku Moroni, kisiwa kingine, alikuwa hali akashiba wala halali akapumzika.

Ndiyo maana Jumatatu, kwenye kompyuta za kukodi za Kaltoum karibu na soko la Volo Volo, aliruka kitini. Mchezaji aliyejiita Gari-la-Kopo alikuwa ameandika: "Niko Mutsamudu. Nacheza asubuhi mpaka jioni. Nimekwama chumba cha mwisho. Mlango uko wapi?"

"Ni Housni!" alisema. "Kaltoum, kaka yangu yu hai!"

"Umejuaje?"

"Gari la kopo! Nani alinitengenezea gari la kopo la sardini utotoni? Hajui njia ya kutoka mle, maskini, na simu hathubutu. Ananiuliza kwa mchezo."

Kaltoum alikuwa anafuta meza. "Gari hilo si limo mchezoni, kila anayecheza analiendesha?"

"Ana kompyuta yake ya mkobani."

"Ile ambayo betri yake haimalizi hata nusu saa?"

"Anaichomeka ukutani, Kaltoum! Wewe vipi? Unataka awe amekufa?"

Kaltoum akarudi kwenye kitambaa chake.

Jumatano Gari-la-Kopo aliandika tena: "Nisaidie, dada. Muda unakwisha."

Saandia alikaa mbele ya maneno yale mpaka chai ikapoa. Kiapo ni kiapo. Lakini mama mdogo ana sukari, na wiki iliyopita ilisemekana amelazwa. Kama hayupo, nani atawafungulia? Wafie mle kama panya kwa sababu yeye ni mtu wa neno lake? Hapana, bwana. Alhamisi mchana akaandika: "Unatokea ghala la mchele. Kasha la tatu ndilo limeuziba mlango. Nyuma yake kuna ubao. Usiuvute, unyanyue." Akabonyeza, akamshukuru Mungu kwa sauti, na njiani akanunua samaki mzima kwa mara ya kwanza baada ya miezi.

Ijumaa baada ya sala alikuwa wa kwanza kufika. Kaltoum alikuwa bado anaziwasha kompyuta mlango uliposukumwa, akaingia mwanamume mwenye ndevu, kakonda, kavaa kandambili za rangi mbili tofauti.

Saandia alipiga yowe mpaka wauza vitambaa wakachungulia. Alimkumbatia Housni, akamfinya mashavu, akalia, akamcheka kwa viatu vyake.

"Umefika! Kumbe mlango umeuona!"

"Mlango gani? Mama mdogo ndiye aliyenitoa Jumamosi, kanifunga tena kitambaa machoni. Nimepitia kisiwa cha Mwali, kwa mtumbwi. Siku sita, Saandia, nimekula mihogo mibichi."

"Jumamosi?" Saandia alimwachia mashavu. "Na Baba?"

"Magoti yamemkataa. Amebaki palepale." Housni akaketi, akaanza kusugua miguu yake. "Usifanye uso huo. Mama mdogo anampelekea uji kila siku. Mle hawampati ng'o."

"Lakini wewe uliniandikia. Jumatatu. Na Jumatano."

"Nikuandikie kwa nini? Tangu mwezi wa kumi na moja Mutsamudu nzima hatujaona umeme. Taa zinawaka kambini kwa askari, basi."

Kaltoum aliigeuza kompyuta iliyokuwa mbele yake, Saandia aone.

Gari-la-Kopo alikuwa ametoa nyota tano. Chini yake ameandika: "Ahsante, dada. Mlango tumeuona."