Mgongo wa Picha

Fremu ilipoanguka na kioo kupasuka, fundi saa alishukuru kuwa picha yenyewe imesalimika. Kati ya picha zote za wanaanga wa mwanzo alizokusanya, hii ndiyo iliyokuwa mboni ya jicho lake. Mwanaanga mwenyewe aliitia saini mbele yake, akikandamiza kalamu kama anayechonga mti, hata mistari ikatokeza nyuma. Kabla shemeji yake, kaka wa mkewe, hajaitia fremu, fundi hakuwa akilala bila kuipapasa.

Aliichomoa katikati ya vipande vya kioo, akaigeuza, akapitisha kidole gumba.

Ilikuwa laini kama yai.

Akafumba macho, akarudia. Vidole vilivyozoea skrubu ndogo kama chawa havidanganyiki. Saini ilikuwepo mbele, lakini nyuma hapakuwa na hata mkwaruzo. Shemeji alibaki na picha halisi, akamrudishia nakala!

"Kumbe kikulacho ki nguoni mwako," alinong'ona.

Mkewe alikuja mbio kutoka jikoni, mikono imejaa povu, akaganda mlangoni. Kidole cha mumewe kilikuwa kikichuruzika damu. Hakusema hata pole.

"Umeigeuza?" aliuliza.