Simu ya Nyumba Namba 41

Vikombe ishirini na viwili vya kahawa vilikuwa vimepangwa sebuleni, na hakuna hata kimoja kilichoguswa.

"Itapoa hiyo," Bi Obdulia aliwaambia wageni wake. Kisha akamgeukia binti yake. "Na wewe Yadira, fanya haraka. Watu wanataka kwenda kwao."

Yadira hakuinua macho kwenye kompyuta. Aliajiriwa na manispaa kutunza faili moja la JSON, yaani orodha ya kusomwa na mashine, lenye nyumba zote za mtaa ule wa bondeni: namba ya nyumba, jina la mwenyewe, simu yake. Mto ukianza kufura kule mlimani, mashine husoma faili hilo na kuipigia kila nyumba: tokeni, pandeni kanisani. Kila nyumba hufunguliwa kwa bano na kufungwa kwa bano, kama sufuria na kifuniko chake.

Mwezi wa Machi mashine ilikataa kulisoma. Ilidai kuna bano ambalo halikufungwa, ikaonyesha mstari wa mwisho kabisa. Siku hiyo Yadira alikuwa anawahi ubatizo. Akaongeza bano moja pale mwisho, mashine ikanyamaza, akachukua mkoba akaenda zake. Nyinyi wenye watoto wa kazi hizi, waambieni mapema: mashine huonyesha mahali ilipochoka kutafuta, si mahali uliposahau.

Aprili, mvua zilipokolea, mashine ikapiga simu kuanzia namba 1, kisha ikakoma njiani. Simu ya mwisho ilikuwa ya nyumba namba 41, kwa Bi Obdulia.

Tangu hapo wenye nyumba wote, kuanzia namba 42 hadi 63, walihamia sebuleni kwake.

"Si simu zinaishia kwako?" alisema Mzee Evelio, fundi viatu wa namba 42, siku ya kwanza alipoingia na kuacha tope mlangoni. "Basi tutakaa hapa hapa, karibu nayo."

Leo alikuwa amekaa kwenye kiti kile kile. "Ulipanda mlima mbio na rozari shingoni," alimtania. "Mwanamke mwenye magoti mabovu! Siku ile ungemshinda hata farasi. Mlango wangu uliuacha kama huujui."

"Nilidhani na nyinyi mmepigiwa, jirani."

"Ungegonga tu, shoga," akadakia Nubia wa namba 43, muuza mikate ya mahindi. "Kugonga mlango kunavunja mkono?"

Bi Obdulia alichukua ufagio akafagia tope miguuni pao, kama alivyofanya kila siku, ingawa mvua haikuwa imenyesha tangu Juni.

"Yadira, hata salamu huwapi watu?"

Binti alivitazama viti mara moja. Akarudisha macho kwenye kompyuta. "Mama, nakuomba. Usinifanyie hivyo."

"Anaona haya," Bi Obdulia akawaeleza wageni.

"Na aone," akasema Nubia.

Yadira alikuwa anahesabu mabano tangu asubuhi, akifika katikati anapotea, anaanza upya. Mwishowe mama yake, aliyeishia darasa la nne, akaleta maharage na sahani.

"Nisomee. Ukifungua, naweka haragwe. Ukifunga, naondoa."

"Mama, kuna programu za kazi hiyo."

"Programu ndiyo iliyokudanganya Machi. Soma."

Yadira akasoma. Haragwe moja, la bano la mtaa mzima, lilikaa sahanini tangu mwanzo, nalo lilipaswa kukaa. Namba 39: weka, ondoa. Namba 40: weka, ondoa. Namba 41: weka. Namba 42: weka...

"Simama hapo," alisema Bi Obdulia. "La kwangu hujaniambia niondoe."

Yadira akarudia mstari ule. Akaurudia tena, kwa sauti ndogo zaidi.

"Nyumba yako haikufungwa, Mama. Kuanzia 42 mpaka 63, wote niliwaandika ndani ya nyumba yako. Kuanzia hapo mashine iliona nyumba moja tu."

"Si ndicho ninachokwambia tangu Aprili? Wamo humu."

Mzee Evelio aliguna.

Yadira aliweka bano la kufunga baada ya namba 41. Akashuka hadi mwisho wa faili, akafuta lile bano aliloliongeza kwa haraka zake. Mashine ikalisoma faili lote bila kulalamika.

"Sasa jaribu," alisema Bi Obdulia.

"Nijaribu nini, Mama? Ya nini tena?"

"Piga. Hawa watu wasikie kwa masikio yao kwamba kila mmoja ana simu yake."

Yadira alifunga macho, akabonyeza.

Simu ya Bi Obdulia ikalia mezani. Akaizima. Wageni wakainua vichwa wote kwa pamoja, kama watu waliosikia wakiitwa.

"Haya, yangu hiyo," alisema Mzee Evelio. Akavaa kofia yake, akampita Bi Obdulia bila kinyongo, akatoka kwa mlango wa nyuma. Nubia akafuata. Wakatoka mmoja mmoja hadi kiti cha mwisho.

Bi Obdulia alimtazama binti yake. Yadira alikuwa ameshika kingo za meza kwa mikono miwili, uso umegeukia mlango ule wa nyuma. Binti naye alizisikia: simu ishirini na mbili zikilia kwa pamoja huko nje, chini ya tope lililoufunika mtaa wote Aprili, kuanzia ukuta wa namba 41 hadi mtoni.