Beseni Chini ya Mabati

Ngurumo ilipovuma upande wa Kongo, wanawake walitoka mbio na mabeseni, wakayapanga chini ya mabati. Honorine lake lilikuwa nje tayari. Alilitoa kila mchana, hata jua likiwaka, maana asipofanya hivyo moyo haukutulia.

"Mungu ametuona!" jirani alipiga kelele. Wengine walishaanza kuimba na kucheza kwenye mashamba ya mpunga yaliyopasuka kwa ukame.

Honorine aliinamia beseni lake. Ndani kulikuwa na punje moja tu ya mahindi. Ngurumo ikavuma tena, na ile punje ikaruka, ikagonga chuma. Akaweka kiganja chini. Udongo ulikuwa unatetemeka.

Radi hutoka juu. Hii ilipanda kutoka ardhini. Ilikuwa mizinga ya vita, kama mwaka ule walipokimbia.

Alifungua mdomo awaambie, akaufunga. Akawaacha wamalize wimbo.

Ndani, juu ya jiko, mahindi ya mbegu yalining'inia, meusi kwa moshi. Alikuwa amewanyima wote nyumbani hata njaa ilipowalaza chini, akingojea mvua. Sasa aliyashusha yote, akayapukuchua ndani ya beseni, akaweka kikaango motoni.

"Honorine!" Mama mkwe wake alishika kichwa. "Unakaanga mbegu? Na mvua njo hii inakuya! Tutapanda nini?"

Honorine hakuinua macho. Punje zilianza kupasuka.

"Mukule, Maman," alisema. "Njia iko murefu."