Urembo wa Shafti

Beringi iliyopaswa kuingia kwa nyundo iliteleza kwenye shafti kama pete kwenye kidole cha mgonjwa. Isakwisa akafumba macho. Alikuwa amekereza kupita kiasi, unene wa unywele tu, na chuma kikishatoka hakirudi.

Chuma kingine hakikuwepo. Shafti ile aliitoa kwenye ekseli ya lori bovu, siku mbili nzima, na nje ya karakana walikaa akina mama watatu waliotembea kutoka ng'ambo ya Mbalizi. Mashine ya kusaga ya kijiji chao cha ujamaa ilikuwa imelala tangu Pasaka kwa kukosa shafti, nao walikuwa wanatwanga.

Mgongo ulimuuma. Akachukua panchi, kile chuma chenye ncha cha kutia alama, na nyundo, akapiga vishimo vidogo vidogo kuzunguka shafti. Kila kishimo kilivimbisha chuma pembeni mwake. Sasa beringi ingebana. Ingeshika wiki tatu, labda nne, kisha ilegee tena.

Mama mmoja aliingia, akapitisha kiganja chenye sugu juu ya vishimo vile.

"Ndaga fijo, baba," akamshukuru kwa Kinyakyusa. "Umetutilia hata urembo."

Isakwisa alimtazama. Kisha akaigongea beringi juu ya urembo ule, mpaka ukafichika wote.