Chingamu kwenye Pua ya Mashine

Heliamu, gesi ya majaribio isiyo na sumu, tulikuwa tumeshaijaza kwenye mabomba ya kiwanda cha barafu, Msambweni, lakini mashine ya kunusia uvujaji ilikaa kimya.

"Umeona, fundi? Hakuna panapovuja," alisema meneja, huku akitafuna. "Tia sahihi, tujaze amonia."

Mwaka juzi ilinyamaza hivihivi. Nikatia sahihi, na amonia ikavuja, ikamuua Kavumbi, kibarua wa hapa.

Safari hii niliifungua pua ya mashine. Ndani mlikuwa na chingamu, bado laini, inanukia mnanaa. Meneja aliacha kutafuna.

Niliichomoa kwa pini ya mtandio. Nilipoisogeza kwenye kiungo cha kwanza tu cha bomba, mashine ikapiga ukelele.

"Mama, usituharibie kazi!" alifoka meneja.

"Aliyeharibikiwa ni Kavumbi."

Nikaichukua fomu. Palipoandikwa "sahihi", nikaibandika ile chingamu, na alama za meno ya meneja.